Simu ya Maskati, iPhone ya mtumba au Android ya dukani: ipi itafungua programu za duka langu?

"Shikamoo fundi. Nina duka dogo la vitenge na madera Ngamiani, Tanga. Wateja wangu wengi wananipata WhatsApp na Instagram, malipo napokea kwa M-Pesa na kwa programu ya benki. Simu yangu nilinunua 2019, ina GB 16 na Android 8.1, na kila asubuhi lazima nifute picha ndipo ipumue. Wiki iliyopita programu ya benki imegoma kabisa, inasema toleo la mfumo wa simu yangu halitumiki tena. Nina njia tatu. Dada yangu aliyeko Maskati yuko tayari kuniletea Huawei mpya. Picha alizonitumia zilizopigwa na hiyo simu hazina mfano, ila shemeji anasema 'haina Google'. Kuna kijana jirani anauza iPhone 7, safi, bei ya kutupa. Na dukani nimeona Android mpya imeandikwa RAM GB 8, hifadhi GB 128, bei iko katikati. Muuzaji anasema nisijisumbue, programu ni zilezile simu zote. Ni kweli? Hela yenyewe ni ya mtaji, sitaki kukosea."

Marahaba dada yangu, na pole na hiyo kazi ya kufuta picha kila kukicha.

Muuzaji wako amesema nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Ukizipanga simu zote tatu leo kwenye kaunta, WhatsApp itawaka zote tatu, na Instagram utaipata. Akikuonyesha hapo utaridhika, utalipa, utaondoka. Tofauti itajitokeza utakapofungua benki, au WhatsApp itakapotangaza kwamba imeacha matoleo fulani, au siku simu itakapoibiwa ukawa unatafuta mazungumzo ya wateja wa miaka mitano. Nimekaa na bisibisi mkononi miaka mingi, na wanaonijia wakilalamika kwamba simu mpya "haina programu" karibu wote walinunua kwa kutazama kamera na rangi. Orodha ya programu waliikumbuka wakiwa nyumbani.

Nianze na M-Pesa, maana hiyo ndiyo ya kukuondolea hofu. Menyu ya *150*00# haikai ndani ya simu yako. Ukibonyeza zile namba, simu inafungua mazungumzo na mitambo ya mtandao, na mitambo ndiyo inayokuletea orodha ya kutuma na kutoa pesa, wewe unajibu kwa namba. Ndiyo maana kitochi cha bibi kijijini na simu ya milioni tatu vinatoa menyu ileile, bila bando. Benki nyingi nazo zina mlango wa namna hii: NMB ni *150*66#, CRDB ni *150*03#. Ulizia wa benki yako ujiandikishe wiki hii, kabla hata ya kufikiria simu mpya. Programu ina raha zake, risiti inasomeka na taarifa ya akaunti unaipakua, lakini ikigoma Ijumaa mchana mteja amesimama mbele yako, menyu ndiyo itakayokutoa. Na mtu akikuuzia simu kwa sifa kwamba "hii ina M-Pesa", cheka tu.

Sasa hiyo benki iliyokugomea. Wengi hudhani simu imeharibika, au wamefungiwa akaunti. Hapana. Kila anayetengeneza programu huiwekea kiwango cha chini: toleo gani la Android au la iPhone ndilo la mwisho kukubaliwa. Duka la programu husoma kiwango hicho kabla ya kukupa. Simu yako ikiwa chini yake, ama hutaiona programu ukiitafuta, ama kitufe cha kusakinisha hakitatokea. Na ile iliyomo tayari kwenye simu, seva ya benki, yaani mtambo wao mkuu, inaweza kuikatalia kila inapopiga hodi. Android 8.1 ilitoka Desemba 2017. Mfumo wa umri huo haupokei tena viraka vya usalama, na anayelinda fedha za watu hana sababu ya kuuamini. Kufuta picha hakutasaidia hapa. Nafasi ikijaa simu husema nafasi imejaa, na wewe umeambiwa jambo jingine.

WhatsApp ni wavumilivu kuliko benki, ila nao wana mwisho wao. Android iliyo chini ya 5.0 hawaipokei, kwa hiyo yako bado iko ndani. Upande wa iPhone, tangu Mei 2025 wanataka iOS, mfumo wa iPhone, toleo la 15.1 kwenda juu. Wenye Windows Phone walikatiwa 31 Desemba 2019. Vile vitochi janja vya KaiOS, vilivyopendwa kwa bei yake, tangu Juni 2024 havipakui tena WhatsApp. Tazama kwamba simu zenyewe zilikuwa nzima. Chaji inakaa, kioo safi, spika inalia. Aliyekuwa anaziandikia programu ndiye aliyeondoka.

Ipime iPhone 7 kwa kipimo hicho. Ilitoka 2016, Apple wakaipandisha hadi iOS 15 wakaiacha hapo. iOS 16 haitaiona kamwe. WhatsApp wanataka 15.1. Umeona ilivyokaa? Imesimama kizingitini. Siku kiwango kikisogezwa hatua moja, hiyo simu safi ya bei ya kutupa inabaki kamera na tochi, na programu za benki ndizo huwa za kwanza kusogeza. Mara nyingine App Store hukupa toleo la zamani la programu linaloikubali simu yako, na kwa mchezo au kikokotoo hilo latosha. Kwa benki halitoshi, maana seva ikikataa toleo la zamani huna pa kukata rufaa. Kama moyo wako uko kwa iPhone kwelikweli, mimi nisingeshuka chini ya iPhone 11, kwa sababu hiyo ndiyo ya zamani kuliko zote zilizopokea iOS 26 ya mwaka 2025. Na kabla hujampa mtu yeyote hela ya iPhone, aondoe akaunti yake ya Apple mbele ya macho yako, kisha uiwashe upya wewe mwenyewe. Ikidai nenosiri la mtu mwingine, utakuwa umenunua kioo cha kujitazamia.

Huawei inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu shemeji yako amesema kweli lakini neno lake linapotosha. Ukisikia "haina Google" unafikiri haina YouTube, basi utatazama YouTube kwenye kivinjari, tatizo liko wapi? Tatizo liko chini zaidi. Mei 2019 serikali ya Marekani iliiweka Huawei kwenye orodha ya kampuni ambazo haziuziwi teknolojia ya Kimarekani bila kibali, na Google ni kampuni ya Kimarekani. Kuanzia Mate 30, iliyotangazwa Septemba mwaka huohuo, simu mpya za Huawei zikawa zinakuja bila Play Store na, kubwa zaidi, bila zile huduma za Google zinazofanya kazi kimyakimya nyuma ya programu nyingine.

Huduma hizo huzioni, lakini zina kazi. Moja ni utarishi wa arifa. Kwenye Android ya kawaida, badala ya kila programu kukesha macho wazi ikisubiri ujumbe, tarishi mmoja wa Google anapita na kugonga mlango wa kila mwenye barua. Tarishi asipokuwepo, programu lazima ikeshe yenyewe. WhatsApp hujitahidi, inakesha. Kisha kile kipengele cha kubana matumizi ya betri kinaiona, kinailaza, na mteja aliyekuandikia saa nne unamsoma saa saba umefungua simu kwa jambo jingine. Hili hurekebishika kwa kuiruhusu WhatsApp ibaki macho, mradi ujue pa kubonyeza.

Kazi ya pili ndiyo inayokuhusu zaidi. Kumbuka wengi wetu tulivyokwenda kufungua akaunti: tuliulizwa barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Benki haikujui, mwenyekiti wako wa mtaa anakujua, na muhuri wake ndio uliokuingiza. Programu nyingi za benki zinaitendea simu vivyo hivyo. Zinaiuliza Google: simu hii mfumo wake haujachezewa? Na programu hii ni ile halisi, au imepikwa na mtu? Muhuri ukigongwa, mlango unafunguka. Huawei mpya haina mwenyekiti wa kuiandikia barua. Simu inaweza kuwa imara kuliko zote mtaani kwenu, na bado ikarudishwa mlangoni kwa kukosa karatasi.

Si benki zote zilizo hivyo. Zipo zilizopeleka programu zao AppGallery, duka la Huawei lenyewe, na hizo hutumika vizuri. Kwa hiyo kabla ya kuikataa zawadi ya dada yako, piga huduma kwa wateja ya benki yako uulize swali moja tu: programu yenu ipo AppGallery? Wasikujibu "inafanya kazi Android zote". Unataka kusikia ndiyo au hapana. WhatsApp utaipata kwenye tovuti yao rasmi hata bila Play Store. Ila ile nakala rudufu ya mazungumzo inayokwenda Google Drive hutakuwa nayo, na kwa mtu ambaye oda za wateja zote zimo humo, mimi hilo naliona kubwa kuliko kamera.

Utakutana na fundi atakayekwambia "nakuwekea Google, dakika kumi tu". Anachofanya mara nyingi ni kusakinisha programu inayojenga chumba ndani ya simu, na ndani ya chumba hicho Google inaamini iko kwao. Ramani zitafunguka, YouTube itafunguka. Benki ikiingia chumbani humo mara nyingi inashtuka na kutoka, na hata isiposhtuka, nenosiri la akaunti yako linapita mikononi mwa mwenye chumba. Kazi hiyo huwa nakataa kumfanyia mtu mwenye duka. Tena mwambie dada asome boksi vizuri: Huawei zilizotengenezwa kwa soko la China, zile zenye HarmonyOS mpya, mfumo wa Huawei wenyewe, kwa kawaida hazifungui programu za Android. Zinazouzwa Maskati kwa kawaida si hizo, lakini kuuliza si ujinga.

Ya dukani sasa. Hiyo "RAM GB 8" naitilia shaka kabla sijaiona. Tazama kwenye boksi kwa maandishi madogo, pengine utakuta 4+4, yaani nne halisi na nne za kuazima. RAM ni meza yako ya kukatia vitambaa, hifadhi ni stoo. Meza ikijaa, simu inaazima kona ya stoo na kuiita meza, ila kila ukihitaji kitambaa kilichoko huko lazima uinuke ukakilete. Kwa hiyo hiyo ni simu ya GB 4, yenye subira kidogo. Kwa WhatsApp, Instagram na benki GB 4 halisi zinatosha. Ukiona GB 2, mara nyingi ni ile Android nyepesi ya Go, nayo ndiyo inayofunga Instagram ukigeukia benki, ukirudi unakuta maelezo uliyoandika chini ya picha yamepotea. GB 128 za hifadhi ni nzuri kwako. Usidanganywe uchukue GB 32 "halafu utaongeza memori kadi", maana mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa ya hizo, na kadi inabeba picha na video. Programu nyingi hazikubali kuhamia huko.

Lakini kabla ya RAM, nenda Mipangilio utazame toleo la Android na tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama. Tarehe ikiwa ya miaka miwili nyuma, simu ni mpya ya boksi na ni mzee wa ndani. Kisha muulize muuzaji mtengenezaji ameahidi masasisho ya miaka mingapi. Wengi watababaika, na simu nyingi za bei ya chini hazina ahadi ya maana. Zipo zenye nayo: Samsung Galaxy A16, ambayo si ya matajiri, ilitoka 2024 na ahadi ya miaka sita. Hesabu bei kwa mwaka badala ya bei ya siku ya kununua, utaona nafuu imehama upande.

Ukiwa dukani usione haya. Washa intaneti kwenye simu yako ya sasa, igawie hiyo mpya, ingia Play Store kwa akaunti yako, tafuta programu ya benki yako uone kitufe cha kusakinisha kipo. Kisha kwenye mipangilio ya Play Store, sehemu ya Kuhusu, kuna mstari unaosema kama kifaa kimethibitishwa. Usipoona neno hilo la kuthibitishwa, rudisha simu kwenye boksi. Nimeshika simu bandia zinazodai Android mpya kwenye Mipangilio, ndani ni ya miaka kumi iliyopita. Play Store haikudanganyika. Bonyeza pia *#06#, chukua namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu, itume kwa ujumbe kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usome jibu linataja modeli uliyoishika. Waliozimiwa simu bandia Juni 2016 wanakumbuka kwa nini. Muuzaji akikukatalia kufanya haya, amekujibu. Ukimaliza kila kitu, toa akaunti yako kama hununui.

Kwa hiyo ningefanyaje ningekuwa wewe? iPhone 7 naiacha hata kwa bei hiyo. Huawei naiacha pia, isipokuwa benki imesema AppGallery wamo na wewe unajua kutunza nakala zako mwenyewe. Ya dukani nainunua ikipita majaribio ya hapo juu. Lakini kuna njia ya nne hukuitaja, nayo ndiyo naipenda zaidi: mwambie dada abadilishe simu bila kubadilisha zawadi. Maskati kwa pesa ileile ya Huawei nzuri atapata Android yenye Google na kamera itakayozitendea haki rangi za vitenge vyako, yenye miaka kadhaa ya masasisho mbele yake. Chaja ya Oman ni ya pini tatu kama zetu, itaingia kwenye soketi ya Tanga bila adapta. Sharti langu ni moja: asiifungue akaianzisha kwa akaunti yake. Maduka ya programu yamegawanywa kwa nchi, na akaunti iliyosajiliwa Oman inaweza isione baadhi ya programu za huku. Nchi ya akaunti Play Store inaruhusu kubadilishwa mara moja tu kwa mwaka. Aje nayo kwenye boksi, uiwashe wewe.

Siku ya kuhama usiende haraka. Weka nakala ya WhatsApp kwanza, ukiangalia kwamba Google Drive yako ina nafasi, maana nakala hizo siku hizi zinahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure. Ukihamia Android nyingine zinarudi zenyewe ukiingia kwa namba na akaunti ileile. Ukienda iPhone, Google Drive haikusaidii. Kuna programu ya Apple ya kuhamia iOS inayovusha mazungumzo simu kwa simu wakati iPhone ndiyo kwanza inaanzishwa. Na usikubali kurushiwa programu kutoka simu ya rafiki, hasa zile WhatsApp za rangi rangi zisizo rasmi. WhatsApp huzifungia namba zinazozitumia, na namba yako ndiyo bango la duka lako. Ukiwa na laini mbili, weka WhatsApp Business ya duka kando ya ile yako binafsi. Ni bure, na katalogi yake inabeba hadi bidhaa 500.

Benki ndiyo inayohitaji miguu. Programu nyingi za benki hufungwa kwenye simu moja, na ukihamia nyingine hudai uthibitisho upya. Nenda tawini na kitambulisho chako, simu zote mbili mkononi, siku isiyo ya mwisho wa mwezi. Waambie wakusajilie simu mpya mbele yako na uijaribu kwa kutuma kiasi kidogo kabla hujatoka mlangoni. Ikigoma hapo, ni tatizo lao na wataliona kwa macho yao. Hapo hakuna fundi wa mtaani wa kukusaidia, mimi nikiwemo. Akitokea anayekuomba namba ya siri ili "akuunganishie", chukua simu yako uondoke.

Ile ya 2019 usiiuze wiki hiyo wala inayofuata. Iache kwenye droo ya kaunta na chaji kamili mpaka umehakikisha picha zote, namba zote na mazungumzo yote yamefika. Kisha ondoa akaunti zako, ifute yote, uitumie kupokea simu za duka tu. Kwa kazi hiyo GB 16 zinatosha.